Gari ya miaka 19: tulivyochelewa kuiaga, na nilipokosea mimi fundi

Mwenye gari ameniruhusu niandike kisa hiki kwa sharti nisitaje jina lake wala aina ya gari wala mahali, anasema wanaomjua wataitambua tu hata ukiwaelezea honi. Nitamwita Mama T. Mimi ndio nilikuwa fundi wake, na niseme mapema kabisa kwamba humu ndani mimi sio shujaa, makosa mengi yaliyomo ni yangu na ndio sababu nayaandika.

Gari na mwenyewe

Ni saloon ndogo ya petroli, gia za mkono, silinda 4, haina makuu yoyote. Mama T aliipata ikiwa na miaka 6 akakaa nayo 19, kwa hiyo tunaagana nayo ina miaka 25 na mita inasoma kilomita 412,000 na ushee. Watoto watatu wamekulia kiti cha nyuma. Mkanda wa kushoto una alama za meno, za kitindamimba, alikuwa anautafuna kila foleni ikizidi, sasa hivi huyo yuko chuo mwaka wa pili. Ufunguo haugeuki mpaka uunyanyue kidogo. Kioo cha dereva kinapanda kama tu unabonyeza swichi huku unakisukuma kwa kiganja. Mtu mwingine akipewa gari ile hata kuiwasha anashindwa na yeye hilo alikuwa analipenda kweli, anasema ndio alamu yake.

Ila kitu cha maana kuliko vyote ni daftari. Daftari la mistari la kawaida, linakaa kwenye kabati la dashibodi, na tangu wiki ya kwanza kila kilichofanywa kwenye gari kimeandikwa: tarehe, kilomita, kazi gani, fundi nani, kiasi gani kimetoka. Nimeshika magari ya watu wengi, mwenye daftari kama lile sijaona mwingine. Miaka 12 ya mwanzo ukurasa mmoja unatosha mwaka mzima na nafasi inabaki. Oili, filta, plagi, pedi za breki, tairi, basi.

Ilivyoanza kushuka

Mwaka mmoja na nusu kabla ya mwisho gari ikachemsha. Ilikuwa usiku, mshale wa joto ukapanda mpaka juu, yeye akaona nyumbani si mbali akaendelea kama dakika kumi hivi badala ya kuzima. Simlaumu, usiku njiani peke yako ni usiku njiani. Lakini injini ile bloku, yaani mwili wake wa chini, ni chuma na hedi inayoifunika juu ni alumini, na alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukiendesha gari iliyochemka hedi inajikunja kwa sababu imefungwa kwa bolti kwenye kitu kisichotanuka sawa nayo. Ikaungua gasketi inayoziba katikati ya hivyo viwili, maji yakaanza kuingia kwenye oili, ukifungua kifuniko cha oili unakuta uji mweupe-weupe. Nikashusha hedi, ikapelekwa kuchongwa iwe sawa, gasketi mpya, pampu ya maji mpya, rejeta ikazibuliwa. Kazi ilikuwa nzuri na ilistahili, hii sijutii.

Miezi mitatu mbele klachi. Afu pampu ya petroli. Afu bushi za mbele zote. Afu ikaanza kutoa moshi wa bluu asubuhi, na yeye akaanza kutembea na galoni ya oili kwenye buti kama mtu anayelea mtoto mwenye chupa. Nikapima mgandamizo wa silinda, silinda tatu zikasoma juu ya 150 (psi, kipimo cha shinikizo), ila silinda namba tatu ikasoma 90. Nikatia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi ya hiyo namba tatu nikapima tena, ikapanda 130. Kwa wasiojua, oili ikiingia pale inaziba kwa muda mwanya wa ringi za pistoni, kwa hiyo namba ikipanda ujue ringi ndio zimekwisha, isipopanda tafuta kwenye valvu. Hapa zilikuwa ringi. Maana yake ovahoo, yaani injini ifunguliwe yote itengenezwe upya.

Na hapa ndio kosa langu la kwanza. Nilimwambia, "Mama, ringi zimechoka, ila tunaweza tukaenda nayo hivi hivi kwanza." Ni kweli tungeweza. Nilichokijua na sikukisema ni kwamba nikilala chini ya ile gari naona vitu vingine kabisa.

Jeki ilipanda, gari ikabaki

Siku hiyo alikuja kwa kitu kidogo, mlio kwenye gurudumu la nyuma. Nikaweka jeki palepale pa siku zote, ukingo wa chini ya mlango wa nyuma, nikaanza kupampu. Jeki inapanda, gari haipandi. Nikasikia ile sauti ya mkate mkavu ukivunjwa, afu kutu ikaanza kumwagika chini kama maganda. Nikashusha haraka. Nikachukua bisibisi nikagusa ukingo, kugusa tu, ikazama mpaka kwenye mpini.

Mama T alikuwa amesimama pembeni na simu mkononi anaangalia. Hakusema kitu. Mimi nikaanza kuzungusha maneno, oh hii ni sehemu ya jeki tu, tunaweza tukaweka kipande tukachomelea, huku najua kabisa sio ya jeki tu.

Gari ndogo nyingi za siku hizi hazina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndio chesisi. Zile kingo za chini ya milango ndio zinaunganisha mbele na nyuma, na ukigongwa ndio mojawapo ya vitu vinavyozuia mlango usije ukakukuta ulipokaa. Zina matundu madogo ya kutolea maji, na ya gari hii yalikuwa yamezibwa na tope la miaka, maji yanaingia hayatoki, chuma kinaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Tena mbaya zaidi, miaka mitatu nyuma ni mimi mwenyewe niliyepiga ile rangi nyeusi ya lami kwa chini, nikapiga juu ya kutu na juu ya tope, manake aliniomba "ipendeze kidogo". Nilifungia maji ndani. Liko kwenye daftari, kwa mwandiko wake, na jina langu pembeni.

Nikaizungukia yote kwa bisibisi. Kingo zote mbili zimekwenda, na sehemu ya nyuma inaposhikia mkono wa sasipensheni nayo inaanza. Nikamwambia sasa, bila kuzungusha.

Akaniuliza, "Fundi, we ungepandisha wanao humu?"

Nikamjibu nimekuwa nakupandisha wewe, mama. Hapo ndio alikaa chini kwenye tairi.

Tuliyoyapima

Alichukua wiki mbili. Gari ikabaki gerejini kwangu, na alikuja mara nne, mara mbili hakuwa na shida yoyote, alikaa tu ndani kiti cha dereva milango wazi.

Njia zilikuwa nne kwa hesabu yetu. Ya kwanza, kutengeneza kila kitu, ovahoo na kukata kingo zote mpaka kufikia chuma kizima na kuweka mpya. Hii inawezekana, watu wanafanya kwa magari wanayoyapenda, lakini inabidi ung'oe viti, zulia, waya, na anayechomelea awe anajua anachofanya kwa sababu kubandika bati juu ya kilichooza ni kuficha tu. Alinitajia yule Mmarekani Irv Gordon, aliyenunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966 na mwaka 2013 akafikisha maili milioni 3 nayo, kama kilomita milioni 4.8, gari ileile moja. Alikuwa ananitajia huyu mtu kila mwaka jamani. Nikamwambia huyo bwana injini yake ilifunguliwa ikatengenezwa upya pia, injini haijawahi kuwa shida ya mtu mwenye nia, tatizo letu ni kwamba hatuna pa kuifungia hiyo injini.

Ya pili, kuuza kama ilivyo. Alikuwepo mtu tayari, anailipia vizuri kuliko skrepa, na alikuwa hata hataki kuangalia chini. Hiyo ndio ilimtisha Mama T. Akasema mtu asiyetaka kuangalia chini anataka kuiuza kwa mwingine naye asiangalie. Tungeweza kumwandikia kila kitu kwenye karatasi, lakini ile karatasi isingemfuata mnunuzi wa tatu.

Ya tatu ndio aliyokuwa anaitaka moyoni: kumpa mpwa wake, kijana ndio kwanza kapata leseni. Tulibishana hapa. Hoja yake ni kwamba inabaki kwenye familia, ataiona. Hoja yangu ni kwamba unampa kijana mgeni wa barabara gari ambayo juzi umekataa kumuuzia usiyemjua. Alinuna siku mbili. Akarudi akasema sawa.

Ya nne, ivunjwe. Spea nzima zitoke, kilichobaki kiende kama chuma chakavu. Ndio tuliyochukua. Gia boksi ilikuwa safi, klachi bado mpya, hedi imetoka kuchongwa, na kuna mtu mwenye gari kama ile anatafuta vitu hivyo hivyo.

Kuhusu hesabu, kuna kigezo watu wanakirudia sana, kwamba matengenezo yakizidi bei ya gari basi achana nayo. Mimi sikipendi. Tulijumlisha daftari: miezi 18 ya mwisho ina maingizo 11, na jumla yake ni zaidi ya mara mbili ya bei ambayo gari yenyewe ingeuzwa. Inatisha ukiitazama hivyo. Lakini bei ya kuuza haikuhusu wewe usiyeuza. Linganisha itakugharimu kiasi gani kuendelea nayo mwaka mmoja ujao, na itakugharimu kiasi gani kuwa na nyingine mwaka huohuo, ukijumlisha na bima na mashaka ya gari usiyoijua historia yake. Kwa kigezo hicho kama bodi ingekuwa nzima ningemwambia tufanye ovahoo, kweli kabisa. Kilichoamua ni kutu. Na siku alizokaa bila gari, maana alizihesabu pia, 37.

Ilivyoondoka

Kabla haijakatwa tulimwaga vimiminika vyote, oili, maji ya rejeta, ya breki, petroli iliyobaki, kila kimoja chombo chake. Gesi ya ei-sii inanyonywa kwa mashine haiachiwi hewani, ile ya R-134a inapasha joto dunia zaidi ya mara elfu moja ya kaboni dioksaidi kwa uzito uleule. Betri ina risasi na asidi, inarudishwa inakopokelewa. Ea-begi nazo, watu wanasahau, ile ni baruti ndogo na ikiwa haijalipuka bado ni hatari kwa anayekata, lazima ashughulike nayo anayejua. Na ukiuza kwa kilo uliza kwanza habari ya katalaiza, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, wanunuzi wengine wanaipima kama bomba la kawaida wakati ndio kitu cha bei kuliko vyote vilivyobaki. Hii tulikumbuka. Makaratasi pia: gari ikafutwa kwenye usajili, bima ikasimamishwa, namba zikarudishwa, ili kesho kutwa jina lake lisije likasomeka kwenye kitu kilichofanywa na gari ambayo haipo.

Tulichokiharibu ni siku yenyewe. Tulikubaliana Jumamosi, watoto wote watatu waje, wapige picha, wazunguke nayo uani mara moja. Gari la kuvuta likaja Ijumaa. Dereva anasema ana nafasi leo tu, wiki ijayo hana. Nikampigia Mama T, yuko kazini kwenye kikao, akanong'ona "sawa, wachukue tu fundi," nikawaachia. Ningeweza kukataa. Ilikuwa inanichukulia nafasi gerejini wiki ya tatu sasa na nadhani, tuseme ukweli, nilitaka iondoke.

Jioni kitindamimba akapiga simu, sio kwa mama yake, kwangu. Hakugomba. Aliuliza tu kama ule mkanda umetolewa. Nikapiga kwa wavunjaji palepale, wakaniambia viti na mikanda ya nyuma vimeshakatwa, vimepakiwa. Nilipomrudishia jibu alisema haya asante, kaka, akakata.

Kwa nini tulichelewa

Nimelifikiria hili kuliko gari zangu mwenyewe. Ukiangalia daftari kuanzia mwaka wa 17, kila tengenezo lilijitetea kwa lililopita. Tumeshaweka hedi, tusiache kwa sababu ya klachi. Tumeshaweka klachi, tusiache kwa sababu ya pampu. Watafiti wawili wa Marekani, Arkes na Blumer, walilionyesha hili mwaka 1985 kwa tiketi za msimu za maonyesho ya jukwaani: waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kuliko waliopewa punguzo, msimu uleule, maonyesho yaleyale, tofauti ni kilichokwisha kutoka mfukoni tu. Mimi na Mama T tulikuwa tunahudhuria onyesho.

Na bei. Mwanzoni kabisa alipowaza kuuza alitaja kiasi ambacho ni mara tatu ya kile wengine walichosema. Nilicheka kimoyomoyo. Halafu nikaja kusoma kwamba mwanasaikolojia Kahneman na wenzake, mwaka 1990, waliwagawia baadhi ya wanafunzi vikombe vya kawaida vya chuo na muda si mrefu hao waliopewa wakavitaka karibu dola 7 wakati wasio navyo wanataka kulipa chini ya 3. Kikombe cha kukaa nacho dakika chache! Miaka 19 na alama za meno, mara tatu ni nafuu.

Lakini kumlaumu yeye na mapenzi yake ni rahisi mno, na nadhani ni uongo. Mama T aliweza kuachia mara alipopewa taarifa kamili, wiki mbili tu na amemaliza. Taarifa ndio ilichelewa, na mwenye taarifa ni mimi. Nilikuwa naona kutu mwaka mzima kabla. Sikusema kwa sababu nilijua itamuuma, na kwa sababu nyingine ambayo si nzuri kuiandika: kila ilipokuja mimi nililipwa. Fundi anayeishi kwa kutengeneza gari yako hafai kuwa mtu pekee anayekuangalizia kama bado inatengenezeka. Sikumdanganya hata mara moja, ila nilikuwa namjibu alichouliza tu. Akiniuliza mlio, najibu mlio.

Yaliyokwenda vizuri yapo, na karibu yote ni ya kwake. Daftari ndio lilimaliza ubishi, manake mbele ya namba zako mwenyewe hakuna wa kumkasirikia. Kumkatalia yule mnunuzi kulimgharimu hela halisi na hakurudi nyuma. Na zile mara mbili alizokuja kukaa tu kwenye kiti, mwanzoni niliona ananipotezea muda, sasa naona ndio kuaga pekee kulikofanyika kwenye kisa hiki chote, na alijipangia mwenyewe bila mtu kumshauri. Watoto hawakupata hata hiyo. Ningerudishwa nyuma ningeng'oa mkanda siku ya kwanza, dakika ishirini za kazi na bolti tatu. Yaani ningeuliza tu: mnataka kubaki na nini?

Sasa hivi

Amepata nyingine, nayo imeshatumika, ina miaka 9. Kabla hajainunua tuliilaza chini ya taa na bisibisi, na nilimleta fundi mwingine asiyenijua vizuri aiangalie peke yake, mimi nikakaa nje. Bado anasukuma kioo kwa kiganja kikipanda, kioo ambacho hakina shida yoyote.

Daftari ni lilelile. Chini ya ingizo la mwisho la ile ya zamani amepiga mstari mmoja kwa rula, afu ukurasa unaofuata unaanza, oili na filta, kilomita 88,300. Kwenye jalada la ndani alinipa kalamu niandike mimi, kwa mwandiko wangu na jina langu, masharti ya siku tutakayoacha, wakati bado hatujaipenda. Nimeandika matatu. Bodi ikaguliwe chini kila mwaka na mtu ambaye sio mimi. Ikikaa gerejini siku 20 ndani ya mwaka mmoja, tukae chini tuongee kabla ya spea kununuliwa. La tatu alilitaja yeye, anacheka, mimi nikaandika vilevile alivyosema: jeki ikipanda na gari isipande, basi.